Kusikiza Diski

Mafundi wengi huanza na bisibisi. Fundi mmoja wa mji wa Pate, ambaye barazani kwake nimekaa mara nyingi kuliko nilivyokuwa na shughuli, huanza kwa kuzima feni. Halafu humwomba mwenye kazi anyamaze kidogo, humwambia mtoto wa kakake aondoe simu mezani zisije zikatetema, husubiri pikipiki iliyo njiani ipite, ndipo huchomeka waya. Diski ikianza kuzunguka hana anachokitazama. Kompyuta iko wazi mbele yake na hata haigeukii. Kijana huyo akitaka kugusa kitufe huambiwa maneno mawili ya Kiamu: “Sikiza kwanda.”

Kazi inayomlisha ni ya simu: skrini zilizopasuka, betri zilizovimba, tundu za chaji zilizoliwa na chumvi ya bahari. Diski huja moja moja. Huletwa na mpiga picha wa harusi, na mwalimu aliyeweka mitihani ya miaka yote mahali pamoja, na msimamizi wa madrasa mwenye maulidi na kasida zilizorekodiwa tangu zama za kanda. Wote huja na shtaka lilelile: “Fundi, inalia.” Yeye hujibu kwamba kulia si ugonjwa, na mteja huondoka na wasiwasi zaidi kuliko aliokuja nao, kwa sababu alitarajia kuambiwa ndiyo au la.

Lakini ndivyo ilivyo. Diski nzima pia hulia. Ndani ya kile kiboksi mna sahani moja au zaidi za alumini au kioo, zilizopakwa utando wa sumaku, zikizungushwa na mota. Diski nyingi za kubebea huzunguka mara 5,400 kwa dakika, na nyingi za kompyuta za mezani mara 7,200. Ukigawanya kwa 60 unapata mizunguko 90 au 120 kwa sekunde, na hapo ndipo unapotoka ule mvumo mzito unaosikika ukisogeza sikio. Kila uso wa sahani una kichwa chake cha kusomea, kimebebwa na mkono mwembamba. Kichwa hakigusi sahani. Huelea juu ya upepo unaozaliwa na mzunguko wenyewe, kwa kimo cha nanomita chache tu, ilhali unene wa unywele ni makumi ya maelfu ya nanomita. Mkono nao husukumwa na koili iliyowekwa kati ya sumaku zenye nguvu, kanuni ileile inayotikisa spika ya redio. Kwa hiyo kifaa hiki kina karibu kila kitu ambacho spika inacho, isipokuwa nia ya kusikika.

Sauti zake za afya ni nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mvumo hupanda taratibu hadi ukatulia: mota imefika kasi yake. Hufuata mlio mmoja mwepesi, mkono ukiondoka kwenye maegesho. Kisha mtatariko usio na mpangilio, tk, tktk, tk-tk, ambao ni mkono ukikimbia huku na huku kutafuta vipande vya faili. Diski iliyoachwa bila kazi huweza kutoa mlio mkavu peke yake baada ya sekunde kadhaa, kwa sababu imerudisha vichwa kwenye ngazi ndogo ya plastiki iliyo pembeni mwa sahani. Diski za kijani za Western Digital zilijulikana sana kwa tabia hiyo; baadhi yake ziliegesha vichwa kila zilipokaa sekunde 8 bila kuguswa, mchana kutwa, na wenyewe wakazidhania zinakata roho.

Mlio mkubwa kuliko yote ya afya ni ule unaosikika ukichomoa waya ghafla. Huo nimeupenda tangu nilipoelezwa. Umeme umekatika, vichwa viko katikati ya sahani, na upepo unaovibeba utakwisha pindi mzunguko ukipungua. Lakini sahani bado zinakwenda kwa mwendo wao wenyewe, na mota inayozungushwa na sahani hugeuka jenereta kwa muda mfupi mno. Umeme huo mdogo ndio unaovirudisha vichwa maegeshoni, kwa haraka na kwa kishindo. Anayesikia kishindo hicho hufikiri kimevunjika kitu, kumbe ndiyo kwanza kimeokolewa.

Kwa hiyo mbele ya fundi kuna maswali mawili, na la kwanza si “hii sauti ni ya nini.” La kwanza ni “hii sauti ni ya nani.” Feni ya kompyuta ikiwa na vumbi hukwaruza vizuri sana na kusingiziwa diski. Inveta ya sola huvuma. Meza yenyewe husema uongo: ukiweka diski juu ya ubao mkavu, ubao hupokea mtetemo na kuukuza, na mvumo wa kawaida ukasikika kama ngurumo. Yeye huilaza diski juu ya kikoi kilichokunjwa mara nne kabla hata ya kuiwasha, kwa sababu ikishaanza kuzunguka haisogezi tena. Akitaka kusikia kwa karibu huchukua bisibisi ndefu, huweka ncha kwenye pembe ya kiboksi, na kishikio chake kwenye ule mfupa ulio mbele ya sikio. Mafundi wa injini za boti pale bandarini Mtangawanda hufanya vivyo hivyo wanapotafuta beringi iliyochoka, na tabibu Mfaransa Laennec alikuwa njia moja nao alipokunja karatasi mwaka 1816 akaiweka kifuani mwa mgonjwa. Hewa huchanganya sauti zote pamoja, ila chuma huleta ya kitu unachokigusa peke yake.

Nimemwona akifanya hivyo kwa diski iliyoletwa na mpiga picha mmoja kutoka Siyu. Ilikuwa na harusi kadhaa ambazo bado hazijakabidhiwa kwa wenyewe, na mpiga picha alikuwa amesimama mlangoni kama mtu aliyezuiwa kuingia wodini. Diski ikawashwa. Mvumo ulipanda, ukasita, ukashuka, tak, ukapanda tena, ukasita, tak. Mtu yeyote aliyewahi kutazama video za mafundi mtandaoni angesema basi, vichwa vimekufa. Kijana alisema hivyo, tena kwa uhakika. Ami yake hakumjibu. Aliichomoa diski, akaushika ule waya mrefu mweupe, akaupima kwa macho kutoka mwisho hadi mwisho, akafungua mtoto wa meza na kutoa mwingine mfupi, mnene, mweusi. Akachomeka upande wa pili wa kompyuta. Mvumo ulipanda bila kusita, ukatulia, na mtatariko ukaanza.

Maelezo yake ni ya hesabu tu. Diski ndogo ya kubebea haina umeme wake. Hula unaotoka kwenye tundu la USB. Tundu la zamani, la kizazi cha pili, limewekewa kiwango cha ampea 0.5, na la kizazi cha tatu ampea 0.9. Diski ikishashika kasi hutosheka na hizo. Lakini pale inapoanza, sahani zikiwa zimelala, inaweza kutaka karibu ampea nzima kwa sekunde chache. Waya mrefu wenye nyuzi nyembamba hupoteza volti njiani, tundu lililoingia kutu la kompyuta kongwe hupoteza nyingine, na diski ikifikiwa na umeme pungufu hukata tamaa, huegesha vichwa, hujaribu tena. Kinachogonga ni njaa. Ukiipeleka diski hiyo kwa mtu mwenye haraka, ataifungua, na hapo ndipo itakapokufa kweli.

Sikusudii kusema kwamba kila tak ni waya. Nasema hicho ndicho kitu kinachonifanya nikae pale: kwamba mtu aliyesikia mlio wa mauti mara nyingi bado anaukataa kwa dakika mbili za kwanza. Mtandaoni kuna kampuni za kuokoa data zilizoweka rekodi za milio ya diski zinazokufa, kila aina na mlio wake, na kijana amezisikiliza zote kwa simu. Zinafaa. Ila mlio uliorekodiwa chumbani kwa wataalamu tayari una mwenyewe, umeshatengwa na feni na meza na waya mbovu. Ule unaoingia dukani Pate huja na vurugu zake zote.

Waya ukishabadilishwa na mlio ukabaki, kipimo chake kikubwa ni mpangilio. Diski iliyo kazini haina mdundo, maana faili zimetawanyika na kila safari ya mkono ina urefu wake. Diski iliyopotea ina mdundo. Kichwa kimetoka kutafuta alama zilizoandikwa kiwandani juu ya sahani ili kijue kiko wapi, hakikuzisoma, mkono ukarudi ukagonga kituo, ukatoka tena. Jaribio ni lilelile, kwa hiyo nafasi kati ya mlio na mlio ni ileile. Baada ya majaribio kadhaa mota huzimwa na kimya kikaingia. Kanuni hii ni nzuri, na kama kanuni nyingi nzuri ina mahali inapokudanganya: kuna diski kubwa za seva zinazosogeza vichwa kila baada ya sekunde 5 ili ule utando wa mafuta juu ya sahani usichakae mahali pamoja. Zina mdundo kamili na hazina ugonjwa wowote. Ndiyo maana, kabla ya kuchomeka waya, fundi husoma karatasi iliyobandikwa juu ya diski, nambari ya toleo, mwaka, volti, na kuitafuta kama ana kumbukumbu nayo.

Mlio ninaouona wa ajabu zaidi ni ule wa piii, mfupi, unaorudiwa. Wateja huapa kwamba diski inapiga honi ya onyo, kama microwave. Ndani ya diski hamna honi wala spika. Sauti hiyo ni mota yenyewe ikitaka kuzunguka na kuzuiwa: ama beringi imekwama, ama vichwa havikufika maegeshoni siku ya mwisho na sasa vimeganda juu ya sahani. Sahani ni laini mno, kichwa nacho ni laini mno, na vitu viwili vya ulaini ule vikilaliana hushikana. Koili za mota husukumwa na umeme kwa zamu, haziendi popote, hutetema, na mtetemo huo ndio piii. Hapo fundi huzima mara moja, huandika kwenye kipande cha karatasi USIWASHE, hukibandika juu ya diski, na kazi yake imekwisha. Kuikomboa kunataka chumba kisicho na vumbi, na chumba hicho Pate hakipo.

Kuna na mkwaruzo. Huo hauhitaji fundi. Ni kichwa kilichoanguka juu ya sahani na kinaendelea kuuchonga ule utando wenye kumbukumbu, na unga wake unarushwa ndani ya kiboksi kwenda kuharibu nyuso nyingine.

Hapa ndipo ugumu wa kazi yenyewe ulipo, na sidhani wateja huuona. Ili usikie, lazima iwake. Na ikiwa kilichomo ni mkwaruzo, kila sekunde ya kusikiza inalipwa kwa picha za mtu. Daktari anaweza kumrudia mgonjwa akamwambia vuta pumzi tena. Huyu hana ruhusa hiyo. Kwa hiyo maandalizi yote yale, feni, kikoi, pikipiki kupita, ni ya kununua sekunde kumi safi. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto viko kwenye waya tangu mwanzo, tayari kuchomoa. Nimemwona akichomoa kabla sijajua kama nimesikia chochote.

Mfano wa uvumilivu wake ulionikaa zaidi ni wa diski iliyokuwa na mdundo halisi, waya ukiwa mzima. Kijana alikwisha kuikatia tamaa. Fundi akaigeuza chali. Nyuma ya diski kuna bodi ya kijani, imefungwa kwa skrubu ndogo zenye kichwa cha nyota yenye pembe sita, ndogo kiasi kwamba huziweka juu ya sumaku ya spika ya zamani zisipotee. Akazifungua moja moja, akainua bodi kwa ukucha. Upande wa chini palikuwa na safu ya vidoa vya kugusanisha, vile vinavyopokea ishara kutoka kwenye vichwa kupitia visindano vilivyomo ndani ya diski. Vilipaswa kung’aa. Vilikuwa vyeusi, vimepigwa na hewa ya chumvi na unyevu, kama pete ya fedha iliyosahauliwa kabatini.

Alichukua raba ya kufutia penseli, ya watoto wa shule. Akaikata kwa wembe apate pembe mpya. Akasugua kidoa kimoja kwa mwelekeo mmoja, bila kwenda na kurudi, akapuliza upande, akatazama kwenye mwanga wa mlango, akaenda cha pili. Ilichukua muda mrefu kuliko inavyostahili kusimuliwa. Mwisho akapitisha pamba yenye spiriti, akaacha ikauke, na wakati ikikauka akatengeneza tundu la chaji la simu ya mtu mwingine. Alipoirudisha bodi alikaza skrubu kwa kupishanisha pembe, robo mzunguko kila moja. Akazima feni. Diski ikawaka na mtatariko wake ukawa wa ovyo ovyo, yaani mzuri.

Kuna anayesikia habari hii na kufikiri dawa ni kubadilisha bodi: tafuta diski nyingine ya aina hiyo, toa bodi yake, funga hapa. Zamani iliwezekana. Diski za miaka ya karibuni huhifadhi kwenye bodi vipimo vya diski ile ile moja, vilivyochukuliwa kiwandani, na bodi ya pacha wake haimtambui. Lazima kichipu chenye vipimo hivyo kihamishwe pia. Fundi analijua hilo na ana bunduki ya hewa ya moto ya kukihamishia. Lakini sijamwona akikimbilia huko kabla ya raba.

Pia hukataa dawa za mitaani. Ile ya kuweka diski kwenye friza, ambayo ilienea sana na pengine iliwahi kumsaidia mtu fulani mwenye mota ya zamani, kwa hewa ya Pate ni kujitafutia msiba: ukiitoa tu, unyevu huganda juu ya kila kitu kilicho baridi, na diski ya kawaida haikuzibwa kabisa, ina tundu dogo la kupumulia lenye kichujio. Nyingi zina maandishi kando ya tundu hilo yanayokataza kulifunika. Zilizozibwa moja kwa moja ni zile zilizojazwa heliamu, zilizoanza kuuzwa mwaka 2013, na hizo hazijafika barazani kwake. Kuigonga mezani ili “iamke” ndiyo dawa anayoichukia kuliko zote. Diski iliyozimwa huvumilia mshtuko mara nyingi zaidi kuliko iliyo kazini, kwa hiyo huwaambia wanaokuja kwa boti waibebe mapajani kama wataka, ila waizime kabla ya kupanda.

Nimewahi kumuuliza kwa nini asisome tarakimu tu. Diski zina daftari lao la afya, lijulikanalo kwa jina la SMART, linalohesabu sehemu zilizoharibika na kuhamishwa, sehemu zinazosubiri kuhukumiwa, joto, mara ngapi vichwa vimeegeshwa. Huzisoma. Nambari ya 5 na ya 197 ndizo anazozitazama kwanza, na zikianza kupanda hahitaji kusikia kitu. Ila daftari hilo nalo huwa halisemi kitu. Mwaka 2007 watafiti watatu wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski laki moja zilizokuwa kazini. Diski iliyoonyesha kosa la kwanza la ukaguzi wa uso wake ilikuwa na hatari ya kufa ndani ya siku 60 mara 39 zaidi ya zile zisizo na kosa. Hiyo ni habari nzito. Lakini katika diski zilizokufa, zaidi ya asilimia 36 hazikuwa zimeandika chochote katika hesabu hizo zote, ukiacha joto. Zilikufa zikiwa na cheti cha afya. Kwa hiyo anayetegemea daftari peke yake atashtukizwa, na anayetegemea sikio peke yake pia, maana sehemu ya sahani huoza bila mlio. Yeye hutumia vyote viwili na hukasirika vikipingana.

Hukumu ikishapita kwamba diski inaumwa lakini inasomeka, yanaanza mambo ya kunakili, na hapo sikio hupumzika na subira ya aina nyingine ikaanza. Hatumii njia ya kawaida ya kuburuta faili, kwa kuwa kompyuta ikifika kwenye sehemu mbovu hung’ang’ania papo hapo, kichwa kikipita juu ya kidonda tena na tena. Ana programu ya bure iitwayo ddrescue, iliyoanzishwa na Antonio Diaz Diaz mwaka 2004. Hiyo huchukua kwanza kilicho rahisi, ikifika pabaya huruka, huandika kwenye daftari lake paliporukwa, na hurudi mwishoni. Umeme ukikatika, huendelea pale ilipoachia. Kwa mtu anayetegemea sola, sifa hiyo ya mwisho inazidi zote. Diski nzima ya terabaiti moja, kwa tundu la USB la kizazi cha pili, huchukua takriban saa 9 kunakiliwa. Mgonjwa huweza kuchukua siku kadhaa. Huiacha chini ya meza juu ya kikoi chake na hupita karibu nayo akiwa na kazi nyingine, akiinama kidogo kila apitapo.

Hapa Pate habari za nakala zina historia yake. Tarehe, yaani historia, ya masultani wa Kinabahani waliotawala Pate ilikuwa na kitabu cha asili, na inaelezwa kwamba kiliangamia Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule. Tunayoisoma leo imetoka kwa nakala na kwa kumbukumbu za watu, hasa Bwana Kitini, mzee wa ukoo huohuo. C. H. Stigand aliichapa kwa Kiingereza mwaka 1913, na Alice Werner akafuata muda mfupi baadaye na matini ya Kiswahili. Matoleo hayapatani kila mahali, na wanahistoria wanayalaumu kwa hilo. Mimi nayashukuru kwa kuwa mengi. Upande wa Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha imekwisha kupigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini. Nyumbani kwa watu, hata hivyo, bado kuna vitabu vya mkono, na kuna kanda za mabibi wakiimba, na vijana huvipiga picha na kuvirekodi kwa moyo mzuri, kisha huviweka vyote kwenye diski moja. Diski hiyo ikianza kugonga, huletwa kwa huyu bwana.

Siku hizi wengine huja na diski za kisasa zisizo na sahani wala mota, SSD. Kijana anazipenda kwa kasi yake. Fundi huzishika, huzipindua, huzirudisha mezani. Haziwezi kuumizwa na boti wala pikipiki, na hilo analikubali bila ubishi. Ila zikifa hufa kimya: jioni ilisomeka, asubuhi kompyuta haiijui, na hapakuwa na mlio wa kumtahadharisha mtu. Kwa hizo huenda moja kwa moja kwenye tarakimu, na hana sifa ya ziada kuliko fundi mwingine yeyote.

Malipo yake hayana mantiki ya kibiashara. Kwa kunakili hutoza. Kwa raba na spiriti hutoza kidogo. Kwa kusikiza na kusema “haina kitu, tumia waya mwingine,” hachukui chochote, na mtoto wa kakake amegombana naye juu ya hilo mbele yangu: “Ami, sikio nalo ni kazi.” Hajamshinda, lakini amemlazimisha waweke daftari. Lina safu tano zilizopigwa kwa rula: tarehe, aina ya diski, mlio, kilichofanywa, kilichokuwa. Safu ya mlio inachekesha kuisoma, imejaa tk-tk, na piii, na “inavuta,” na “inasaga,” na mahali pamoja “inanong’ona.” Safu ya mwisho haina ubunifu huo. Kurasa kwa kurasa, neno linalojirudia kuliko yote ni waya.